Siku ya Kumi na Nne

Ujumbe ulimfikia Anti Jumatatu asubuhi akiwa kwa matatu, na kabla hajashuka Odeon alikuwa ameshanitumia. Kliniki iliyomsaidia kupata mtoto ilikuwa inamkumbusha kwamba ada ya kuhifadhi viinitete vyake vitatu imekwisha. Alipe ya mwaka mwingine, ama aseme vifanyiwe nini. Chini yake Anti aliongeza lake: "Wewe si ulisoma baiolojia? Niambie basi. Hawa ni watoto wangu ama ni nini?"

Nilisoma baiolojia miaka miwili. Mwaka wa tatu karo ilinishinda, nikabeba godoro nikarudi nyumbani, lakini kwa familia yetu mimi bado ndiye yule wa sayansi. Mtu akipewa dawa asiyoielewa, ninapigiwa simu. Hili la Anti sikuwa na jibu lake. Nikamwandikia "ngoja nisome kidogo", maneno ambayo humpa mtu siku mbili tatu za kupumua.

Kesi yenyewe iko hivi. Anti na mumewe walitafuta mtoto miaka minane. Mwishowe waliuza ploti, wakaenda kliniki, mayai yakatolewa, yakarutubishwa kwa maabara, kimoja kikapandikizwa. Leo huyo mmoja yuko Gredi ya Kwanza na hanyamazi. Vitatu vilivyobaki viligandishwa kwa nitrojeni, baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Halafu mwaka jana Anti na mumewe wakaachana. Fomu waliyotia sahihi ina ukurasa mzima kuhusu malipo. Kuhusu mkiachana, haina neno. Mwisho kabisa kuna kisanduku kidogo cha kuweka alama kama unakubali viinitete vilivyobaki vitumike kwa utafiti. Anti hakumbuki kama alikiweka alama ama alikiruka. Utafiti gani? Wa nani? Nani anausimamia? Fomu haisemi.

Nilipoanza kusoma nikagundua swali la Anti lina umri kuniliko. Kuna nchi ambayo ililijadili miaka minane mfululizo, bungeni, makanisani na kwa magazeti, ikagombana vibaya, kisha ikafika mahali ikaandika sheria. Hiyo historia ndiyo nilimpelekea Anti.

*

Usiku wa tarehe 25 Julai 1978, katika hospitali ya Oldham, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, alizaliwa msichana aliyeitwa Louise Brown. Mama yake, Lesley, alikuwa na mirija ya uzazi iliyoziba. Yai lake lilikutana na mbegu ya mumewe ndani ya kisahani cha kioo, likarudishwa tumboni. Dunia ilimwita mtoto wa chupa, ingawa chupa haikuhusika popote.

Nyuma yake kulikuwa na watu watatu: Robert Edwards, mwanasayansi wa Cambridge; Patrick Steptoe, daktari wa wanawake; na Jean Purdy, nesi aliyegeuka mtaalamu wa maabara. Purdy alifariki 1985 akiwa na miaka 39 tu, Steptoe akafuata 1988. Tuzo ya Nobel ilipokuja 2010, ilimkuta Edwards peke yake.

Watu husahau kwamba kazi hii ilianza zamani kabla ya Louise. Mwaka 1969 Edwards na wenzake walikuwa wameshachapisha habari ya kurutubisha yai la binadamu nje ya mwili. Mwaka 1971 waliomba pesa kwa baraza la serikali linalofadhili utafiti wa tiba, wakanyimwa. Wakaendelea kwa misaada ya watu binafsi. Hakukuwa na sheria ya kuwazuia wala ya kuwaruhusu. Kila kiinitete kilichotengenezwa kwa maabara yao kilikuwa kitu ambacho hakikuwa na jina kisheria.

Neno lenyewe linafaa kutazamwa. Kiinitete ni kiini, halafu tete, kama nafaka ambayo bado haijakomaa. Kiswahili kilishasema kitu hapo: kwamba kuna safari, na hii ni sehemu ya mwanzo. Lakini hakisemi safari inakuwa mtu kwenye kituo gani. Na hapo ndipo Waingereza walikwama.

*

Mwaka 1982 serikali ya Uingereza iliunda kamati ya watu 16 na kumpa uenyekiti Mary Warnock, mwanafalsafa wa Oxford aliyewahi pia kuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana. Ndani ya kamati kulikuwa na madaktari, wanasheria, mtu wa dini na watu wa huduma za jamii. Hawakuchaguliwa kwa sababu wanakubaliana. Kazi yao ilikuwa kuiambia serikali nini kiruhusiwe na nini kikatazwe.

Jambo la kwanza Warnock alilofanya ndilo limenifanya nimheshimu. Alikataa swali ambalo kila mtu alitaka ajibu. Watu walitaka kamati iseme uhai wa mtu unaanza lini. Ripoti yao, iliyotoka Julai 1984, ilisema wazi kwamba swali hilo linaonekana kama la sayansi, lakini ndani yake kuna maadili na imani, na maabara haiwezi kulimaliza. Wakauliza lingine: je, ni sawa kukitendea kiinitete vipi? Hilo watu wenye imani tofauti wanaweza kukaa meza moja wakalijadili.

Msaada wa sayansi ulitoka kwa mwanakamati mmoja, Anne McLaren. Huyu mama alikuwa bingwa wa viinitete vya panya. Mwaka 1958, yeye na John Biggers walikuwa wameripoti kuzaliwa kwa panya waliokuwa wamekuzwa kidogo nje ya mwili wakiwa viinitete. McLaren aliwaeleza wenzake kinachotokea, siku baada ya siku. Siku za mwanzo ni seli chache zinazogawanyika. Nyingi ya hizo hazitakuwa mtoto hata kidogo. Zitakuwa kondo la nyuma na utando. Kiinitete kimoja bado kinaweza kupasuka kikawa pacha. Kisha, karibu na siku ya 15, unatokea mstari mwembamba katikati ya kile kibonge cha seli. Mstari huo ndio unaoonyesha kichwa kitakuwa wapi na mgongo utapita wapi. Baada ya hapo, kwa kawaida, hakuna kugawanyika tena kuwa pacha. Kama ni mmoja, ni mmoja.

Kamati ikashika hapo. Utafiti uruhusiwe, kwa leseni, lakini kiinitete kisikuzwe kwa maabara kupita siku 14. Atakayevuka ahesabiwe amefanya uhalifu.

Si kila mtu alikubali. Wanakamati watatu waliandika pingamizi lao ndani ya ripoti hiyo hiyo, wakisema kiinitete kisifanyiwe utafiti kabisa. Kwao, kitu kinachoweza kuwa mtu hakipaswi kutumiwa kama chombo, hata kama hatujui ni mtu tayari. Nimelisoma hilo mara nyingi na sioni kama ni ujinga. Ni hoja ile ile ambayo nyanya yangu angeitoa bila kusoma ripoti yoyote.

Warnock mwenyewe hakudai kwamba usiku wa siku ya 14 kuna malaika anashuka. Alisema lazima pawe na mpaka, na mpaka mzuri ni ule ambao mtu hawezi kubishana nao. Ungeandika "mpaka kiinitete kianze kuhisi maumivu", mawakili wangekula pesa miaka mia. Lakini 14 kila mtu anaweza kuhesabu.

*

Usidhani ripoti ilitoka na watu wakapiga makofi. Iliwaudhi wote: wanasayansi kwa kuwawekea kamba, watu wa dini kwa kuifanya kamba iwe ndefu.

Wa kwanza kuruka bungeni alikuwa Enoch Powell. Kama jina halikuambii kitu, huyu ndiye wa ile hotuba ya Aprili 1968 dhidi ya wahamiaji, wiki chache baada ya Uingereza kupitisha sheria ya kuwafungia mlango Wahindi waliokuwa wakitoka Kenya. Sasa alileta mswada wa kulinda watoto ambao hawajazaliwa. Ungepita, kiinitete kingetengenezwa kwa sababu moja tu: kumsaidia mwanamke fulani, anayejulikana, abebe mimba. Utafiti ungekwisha. Februari 1985 wabunge waliupitisha kusomwa mara ya pili kwa kura 238 dhidi ya 66. Hiyo haikuwa kura ya kukaribiana. Ilikuwa kichapo.

Kilichouua mswada huo ni kitu ambacho Mkenya yeyote anayefuatilia bunge atakielewa haraka. Tarehe 7 Juni 1985, siku ambayo waliouunga mkono walikuwa wametafuta nafasi ya kuusukuma mbele, mbunge wa Labour aitwaye Dennis Skinner, aliyekuwa mchimba makaa, alisimama kuzungumzia uchaguzi mdogo wa Brecon na Radnor. Kanuni zilisema hoja ya aina hiyo itangulie. Akaongea, akaongea, saa zikaisha. Mustakabali wa sayansi nzima uliokolewa na mtu aliyekuwa akipiga stori kuhusu kura ya mashambani Wales.

Wanasayansi wakashtuka. Wakaelewa kwamba wakikaa maabara wakingoja watu waelewe wenyewe, watafungiwa. Mwaka huo huo baraza la utafiti wa tiba na chuo cha madaktari wa uzazi wakaunda chombo cha kutoa leseni kwa hiari, bila sheria, ili waonyeshe kwamba wanaweza kukaguliwa. Kikaundwa pia kikundi cha kampeni, Progress, kilichowaleta pamoja watafiti na familia zenye magonjwa ya kurithi.

Pia walijaribu ujanja wa maneno. Baadhi yao walianza kusema kwamba kabla ya siku 14 kile si kiinitete, ni kitangulizi cha kiinitete. Wapinzani wakacheka. Walisema mnabadilisha jina la kitu ili mpate ruhusa ya kukigusa. Hapa nakubaliana na wapinzani. Kama hoja yako ni nzuri, haihitaji kubatiza upya unachokizungumzia.

Hoja nzuri ilikuja Aprili 1990. Katika hospitali ya Hammersmith jijini London, Alan Handyside, Robert Winston na wenzao walikuwa wamejifunza kutoa seli moja kutoka kiinitete cha siku tatu na kujua kama ni cha kike au cha kiume. Kuna magonjwa makali ya kurithi ambayo huwapata wavulana karibu peke yao. Mama aliyekwisha kuzika mtoto wa kiume angeweza sasa kupandikiziwa kiinitete cha kike. Tarehe 19 Aprili jarida la Nature lilichapisha kwamba mimba za namna hiyo zipo na zinaendelea vizuri. Siku nne baadaye, tarehe 23 Aprili, Bunge la Makabwela lilipiga kura. Utafiti: 364. Kuupinga: 193.

Linganisha na kura ya Powell. Ni miaka mitano tu.

*

Sheria ilikamilika Novemba 1990, na tarehe 1 Agosti 1991 mamlaka ya usimamizi, ambayo Waingereza huiita HFEA, ikaanza kazi. Kukiweka kiinitete cha binadamu bila leseni ni kosa. Kila mradi wa utafiti unaomba ruhusa yake na kueleza kwa nini hauwezi kufanywa bila viinitete. Kuvuka siku 14, ama ule mstari ukitokea mapema, kunaweza kumpeleka mtu jela miaka 10. Na, Anti sikiliza hapa, wenye yai na wenye mbegu lazima wakubali kwa maandishi: vihifadhiwe mpaka lini, vitumike kwa nini, na mmoja akifa iwe vipi.

James Thomson wa Wisconsin alipotoa seli shina kutoka viinitete vya binadamu mwaka 1998, zile seli zinazoweza kuwa damu, neva ama moyo, Waingereza walikuwa na nyumba ya kuzipokea. Hawakuanza upya. Walirudi bungeni, wakaongeza sababu zinazokubalika za utafiti, na mwanzoni mwa 2001 kanuni zilikuwa tayari.

Marekani walikozaliwa seli hizo, mambo yalikuwa kinyume. Tangu 1996 Congress ilikuwa imekataza pesa za serikali kuu kutumika kwa utafiti unaoharibu kiinitete, lakini haikukataza utafiti wenyewe. Thomson alitumia pesa za kibinafsi. Tarehe 9 Agosti 2001 Rais George W. Bush alitangaza kwamba serikali itafadhili tu seli shina zilizokwisha kutolewa kabla ya siku hiyo. Nchi moja, taa mbili: nyekundu kwa mwenye pesa za umma, na kwa mwenye pesa zake hakuna hata taa. Ujerumani, kwa historia wanayoijua wao wenyewe, walipitisha sheria mwaka ule ule wa 1990 iliyokataza utafiti huo kabisa.

Nisikudanganye kwamba sheria ya Uingereza ilikuwa na huruma kila siku. Muda wa kuhifadhi kiinitete uliwekwa miaka mitano. Ukahesabiwa kuanzia 1991, ukaisha Agosti 1996, na kliniki zikatuma barua. Wengine walikuwa wamehama, wengine hawakujibu. Viinitete kama 3,300 vikayeyushwa vikatupwa. Baadaye muda uliongezwa, na tangu Julai 2022 unaweza kufika miaka 55, mradi uthibitishe kila miaka 10.

Na kuna Natallie Evans. Mwaka 2001 yeye na mchumba wake walitengeneza viinitete sita kabla hajatolewa ovari zake kwa sababu ya uvimbe. Wakaachana. Mwanamume akaondoa idhini yake. Evans alikwenda mahakama baada ya mahakama mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na Aprili 2007 akashindwa kwa mara ya mwisho. Hivyo vilikuwa nafasi yake pekee ya kuzaa mtoto wa damu yake. Sheria ilisema wawili waliingia, wawili lazima wakubali. Nilipofika hapo niliweka simu chini kidogo.

*

Sasa turudi nyumbani. Watoto wa kwanza wa IVF nchini Kenya walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Miaka minne baadaye tulipitisha Katiba, na Kifungu cha 26 kinasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Kelele ya 2010 ilihusu utoaji mimba. Makanisa yalipiga kampeni ya La kwa sababu ya kifungu hicho hicho, yakitaka kiwe kikali zaidi. Majukwaani, vita vilikuwa juu ya tumbo la mwanamke. Tangi la nitrojeni halikupewa hotuba.

Lakini liko pale. Ukikisoma kifungu kwa jicho moja, Anti ana watu watatu kwa friza na anadaiwa kodi yao. Ukikisoma kwa jingine, mimba haijatungwa mpaka kitu kishike tumboni. Katiba haikuchagua kati ya hayo mawili, na mswada wa teknolojia ya uzazi ambao Millie Odhiambo aliuanza miaka ya 2010 ulijua hali ya bunge letu: bunge likivunjwa, mswada ambao haujapita unakufa, unaandikwa tena, unapewa nambari mpya. Anti alipotia sahihi fomu yake hakukuwa na sheria mahususi ya kumwambia yeye ama kliniki nani ana kauli.

Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge na New York waliweza kukuza kiinitete kwa maabara mpaka siku ya 12 na 13. Walisimama hapo kwa sababu ya 14. Miaka yote hiyo mpaka ulikuwa ukilinda mahali ambapo hakuna aliyeweza kufika, sasa wamefika. Mwaka 2021 jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa seli shina ililegeza msimamo wake kuhusu hizo siku. Mjadala umeanza tena huko, na utaanza kwa vitabu, rekodi na kura zilizohesabiwa. Sisi tutaanza na kisanduku kidogo chini ya fomu.

Jumamosi nilikwenda kwa Anti. Nilimsimulia yote, Oldham mpaka Natallie Evans, chai ikapoa.

"Kwa hivyo hata Wazungu hawakujua jibu," akasema.

"Hawakujua, Anti. Walikubaliana tu wafanye nini wakati hawajui."

Alikaa kimya. Kisha akaniambia alikuwa ameomba nakala ya fomu. Kile kisanduku kilikuwa kitupu. Hakukubali utafiti, hakuukataa pia. Hakuna aliyemwambia kinauliza nini.

Alilipa ya mwaka mmoja. Kisha akampigia mumewe wa zamani, akaweka spika, nami nikaandika kwa karatasi ya kitabu cha mtoto waliyokubaliana: mpaka mwaka gani, mmoja akifa, mmoja akioa ama akiolewa. Kuhusu utafiti walibishana nusu saa. Yeye alisema ndiyo, kama kuna mtoto wa mtu atapona. Anti alisema la, mpaka ajue ni nani anayewakagua. Hapo niliacha mstari mtupu, nikaandika tarehe. Ile karatasi sijui kama korti ingeitazama mara mbili. Anti ameikunja akaiweka ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto, pamoja na risiti.